Rangi ya Kucha kwa Siku Zisizokuwepo

Jumamosi, Novemba 2008. Mtwara.

Joto. Mawingu yamekaa juu ya Magomeni tangu alfajiri, yamenuna tu, hayanyeshi. Mtaa mzima unanuka mabibo, matunda ya mikorosho. Niko kwenye kafe ya intaneti karibu na soko, nachapa kwa vidole viwili, na leo vidole vyenyewe ndiyo habari.

Shajara, nina miaka arobaini na tisa na sijawahi kuziangalia kucha zangu kama nilivyoziangalia wiki hii.

Zina mistari. Inaanzia kwenye nyama, inapanda hadi nchani, kama matuta ya mihogo ukiyatazama kwa mbali. Ukucha wa kidole gumba umekuwa wa njano. Ule wa kidole cha shahada ulipasuka juzi Alhamisi nikiandika ubaoni, ukapasuka mpaka kwenye nyama, na nilipokuwa nakusanya madaftari ya darasa la tano, tone la damu likaangukia hesabu za mtoto wa watu.

Nikajiuliza: hivi ni chaki? Ni umri? Au ni adhabu?

Hilo la adhabu linahitaji maelezo. Humu hakuna anayenijua kwa jina, basi naeleza.

Mimi ni mwanamke wa Kiislamu ninayependa rangi ya kucha. Mambo hayo mawili hayakai pamoja kirahisi, maana rangi huziba ukucha, maji hayafiki, na udhu usiofikiwa na maji haujatimia. Kwa hiyo, kama wanawake wengi ninaowajua, nilikuwa napaka siku zangu za mwezi tu, siku ambazo sala imeniondokea. Siku tano za nyekundu, kisha nafuta, naoga, narudi kwenye mswala. Miaka ishirini na sita ya ndoa imekwenda hivyo.

Mume wangu, Baba Zuhura, hakuwahi kuniuliza niko vipi. Alitazama vidole. Akiona nyekundu, usiku anageukia upande wake wa kitanda, basi. Tulielewana bila maneno, na mimi nilijivunia hilo. Niliona ndiyo ndoa ya watu wenye adabu.

Mwaka jana siku zangu zikakatika.

Ziliruka mwezi, zikarudi, zikaruka miezi miwili, zikanyamaza. Ningepumua kwa raha. Lakini majuma hayo hayo tulikuwa kwenye harusi Ufukoni, na wifi yangu Asha, dada wa mume wangu, akawa anasimulia habari za bwana mmoja aliyeongeza mke. Akasema mbele ya wanawake wote, "Mwanamke akishakoma, mume naye huanza kuulizia shamba la jirani." Wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti.

Mwezi uliofuata nilipaka rangi.

Acha niandike tena nione inavyosomeka. Nilipaka rangi ya siku zangu wakati siku zangu hazipo, ili mume wangu asijue.

Nikawa naweka nukta kwenye kalenda ya ofisi ya walimu nisije nikakosea tarehe. Mara ya kwanza niliacha sala siku zote tano bila udhuru wowote, na moyo ulinisuta hadi nikashindwa kula. Kuanzia mwezi wa pili nikabuni ujanja. Nafika shuleni, nafuta rangi kwa asetoni, naswali kwenye stoo ya vitabu, pamoja na zile zilizonipita nyumbani, kisha napaka tena kabla ya kengele ya kutoka. Kila mwezi hivyo, zaidi ya mwaka. Ukizidisha na vumbi la chaki, ukucha wa nani ungevumilia?

Jana baada ya shule nilikwenda kwa Rosa.

Rosa anatengeneza nywele na kucha kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko. Wazazi wake walivuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji, yeye akakulia Kilambo, na Kiswahili chake bado kina mdundo wa Kimakonde. Tumezidiana miaka michache tu. Nilimwendea nikitaka kucha za bandia, ndefu, za mraba nchani kama wanazobandika wasichana wa benki. Nilitaka kufunika.

Akashika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Mwalimu, nani kakufanyia hivi?"

"Chaki," nikasema.

"Chaki haili namna hii. Hii ni asetoni. Unafuta mara ngapi?"

"Kila siku. Siku tano, kila mwezi."

Akaacha alichokuwa anafanya. "Siku tano za nini?"

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu alikuwa bado ameshika mkono wangu. Nilimwambia yote, mpaka nukta za kalenda. Nilitegemea acheke, hakucheka. Alichukua kikopo cha mafuta ya nazi akaanza kunisugua kwenye mashina ya kucha, taratibu, kidole baada ya kidole.

"Mama yangu naye alificha," akasema. "Sisi tulikuwa tunaanika vitambaa vyetu nyuma ya nyumba. Yeye zilipokatika, kila mwezi aliendelea kuloweka vitambaa visafi na kuvianika, baba avione kambani."

"Baba yako alijua?"

"Nani ajuaye? Walikufa wote wawili, hawakuliongea."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Kucha za bandia alikataa kunibandikia. Alisema gundi ingemalizia kazi ya asetoni. Nikamuuliza maswali mengi, maana kila alilosema lilinishangaza. Kumbe mistari si ugonjwa, huja na umri kama mikunjo ya shingoni, na haifai kuisugua ili iondoke. Kumbe kwa vidole vifupi na vinene kama vyangu, ncha ya mraba huvifanya vionekane vifupi zaidi. Inatakiwa mviringo unaofuata nyama, kama yai, na usivuke nyama sana. Tupa ya kusugulia kucha ipite upande mmoja tu, siyo kwenda na kurudi kama msumeno. Mafuta ya nazi kila jioni kwenye mashina. Na nyekundu yangu nzito niliyoipenda miaka yote? Alisema kwenye mkono wenye mishipa iliyotoka, rangi nyepesi hutuliza macho, nzito huita watu waje watazame mishipa.

"Lakini wewe mwezi huu usipake kitu," akasema. "Ukishindwa kabisa, weka hina. Nyinyi mna hina, haiwazibii maji, sasa kwenye chupa mnatafuta nini?"

Akanikata zote zikawa fupi. Nilitoka na mikono niliyoiona mara ya mwisho nikiwa msichana.

Nyumbani nilimkuta Baba Zuhura barazani anachambua korosho, nzima huku, zilizooza kule. Nikasalimia, nikakaa. Alitazama vidole vyangu, kama kawaida yake. Kisha, si kawaida yake, akasema.

"Mama Zuhura, wiki hii si ndiyo wiki ya rangi?"

Kumbe na yeye alikuwa na kalenda kichwani.

Nilimfikiria mama yake Rosa na vile vitambaa. Nikasema haraka, kabla sijajionea haya. "Zimekatika. Tangu mwaka jana. Nilikuwa nakudanganya."

Aliendelea kuchambua. "Najua."

"Unajuaje?"

"Ramadhani ulifunga mwezi mzima, hata siku za rangi. Tangu nikuoe hujawahi kuumaliza bila kula siku kadhaa."

Shajara, nilikuwa nimesahau. Nilifurahi mno kufunga mwezi wote bila kubakiza siku ya kulipa, hata sikukumbuka kwamba kwa uongo wangu nilipaswa kula mchana siku tano.

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Ramadhani ikaisha, ukapaka tena. Nikasema, basi, huyu hanitaki. Anapaka ili nilale upande wangu."

Nikaokota korosho moja, nikaitupa upande wa zilizooza bila kuitazama.

Mimi nilikuwa najificha asinione nimezeeka. Yeye alikuwa anaona anafukuzwa. Nikamweleza maneno ya Asha kwenye harusi. Akaweka korosho chini, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Asha ana mdomo. Mimi shamba moja tu palizi linanishinda, la pili nitalilima na nguvu za nani?"

Nikacheka mpaka nikalia. Yeye hakucheka sana. Alimaliza kula upesi, akarudi kwenye korosho zake, na mimi sikumlaumu, maana nilikuwa nimemnyima ukweli muda mrefu, na usiku wake pia. Sala za zile siku tano za mwanzo nimeanza kuzilipa leo alfajiri, mbele yake, mlango wazi.

Asubuhi hii nilitenga beseni la maji ya vuguvugu barazani, nikatia chumvi, nikaloweka vidole kama Rosa alivyonielekeza. Kisha nikapaka hina kwenye kucha peke yake, mchoro hapana. Baba Zuhura akarudi kutoka shambani kuchukua magunia. Akasimama, akaniangalia ninavyopuliza vidole. Akavuta kigoda, akavua makubadhi, akaingiza miguu yote miwili kwenye beseni langu, na vumbi lake.

"Na hizi nazo," akasema, bila kunitazama.

Kucha za miguu yake, kwa miaka ishirini na sita, zimekatwa kwa kisu cha kumenyea mihogo. Sikujua hata pa kuanzia. Nilimwambia akae hivyo hivyo mpaka hina yangu ikauke, naye akakaa, magunia yakamsubiri.

Jumatatu nitapita kwa Rosa nikiwa na swali jipya: ukucha wa kidole gumba cha mguu wa mkulima, mgumu kama ganda la korosho, unalowekwa siku ngapi kabla haujakubali mkasi?