Shubiri Moja Iliyobaki

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Nitaumalizia mjeledi wa baba. Nimeliandika, sasa siwezi kulikana.

Miezi saba tangu kiharusi. Mkono wa kulia umekufa, ulimi nao hautaki. Ana "mm" moja tu, ndiyo hiyo ya supu, ya mvua na ya mwanawe. Kila alasiri mke wangu Nilda anamtoa barazani, anamfunika blanketi, anamwekea mapajani kazi aliyoiacha njiani: mpini wa mti mwekundu, kanda nane za ngozi mbichi, shubiri tano zimesukwa, urefu uliobaki unaning'inia kama nywele zisizochanwa. Anaupapasa ule msuko kwa kidole gumba cha kushoto, kwenda na kurudi, mpaka usingizi umchukue.

Mimi nina miaka hamsini na nne. Nina bucha. Nimechuna ng'ombe maisha yangu yote na sijui kusuka hata kamba ya kufungia mbwa. Mtoto wa msukaji Baudilio! Watu wa hapa Mercedes wakisikia watacheka, na wana haki.

Jumanne, 4 Juni

Nimekata kanda nne kutoka ngozi ya ng'ombe mkonde wa wiki iliyopita. Mkonde ndiye mzuri, hilo nilikuwa nalijua. Ngozi ya ng'ombe mnono ina mafuta, haikai. Lakini ukanda wangu huku mpana, huku mwembamba. Mara mbili nimeukata kabisa. Mkono wa bucha una haraka, umezoea nyama.

Ndiyo maana baba alikuwa akinigombeza. Kila ngozi niliyomletea ilikuwa na tundu. "Unachuna au unachoma visu?" Nilikuwa nasema, baba, nani siku hizi ananunua mijeledi, wachungaji wote wana pikipiki.

Nilisema hivyo. Mbele ya watu.

Alhamisi, 6 Juni

Mzee Wenceslao amepita kunywa yerba, chai yetu ya majani. Yeye husuka hatamu, amekaa na baba kwenye gogo moja miaka arobaini. Nikamwonyesha msuko wangu wa kanda nne. Akauzungusha, akauliza kama ni wa kumpiga nao mtu au wa kumchekesha.

Nikamwomba anifundishe wa kanda nane. Akakataa. Anajua wa nne na wa sita tu. Wa nane ulikuwa wa Baudilio. Akasema ningemuuliza mwenye nao alipokuwa na ulimi. Kisha akaona uso wangu, akaomba aongezewe maji ya moto kikombeni.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilisuka hatamu yangu ya kwanza siku tatu, nikampelekea baba nikiwa nimefura kama jogoo. Akaanza kuifungua. Yote! Mpaka mwisho, polepole, akanyoosha kanda nne juu ya goti, akanirudishia. Nikazitupa kwenye hori la ng'ombe nikaondoka. Sikukaa tena kwenye lile gogo. Naye hakuniita. Wawili wenye vichwa vya mawe.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefanya ujinga. Naandika upesi kabla sijajitetea.

Baba alipolala mchana niliuchukua mjeledi kutoka mapajani. Nilitaka kufungua shubiri moja tu, nione kila ukanda unapita wapi, niurudishe vilevile. Shubiri ya kwanza ikafunguka haraka mno, macho hayakuwahi. Nikafungua ya pili. Hapo nikadhani nimeona. Nikajaribu kurudisha, ikakataa. Ya tatu. Ya nne. Nilikuwa kama mlevi anayesema hii ya mwisho.

Imebaki shubiri moja, ile iliyo karibu na mpini.

Nimemwambia Nilda nimeuchukua kuupaka mafuta.

Jumapili, 9 Juni

Jana kanda zilikaa zimejikunjakunja, ngumu, hazishikiki. Nikakumbuka kwamba baba alikuwa hasuki ngozi kavu. Nikazitumbukiza kwenye ndoo ya maji, usiku kucha. Leo asubuhi zimenyooka, laini, safi. Nikafurahi!

Jumatatu, 10 Juni

Wenceslao ameiona ndoo. Hakutania leo.

Akauliza ni za nini. Nikamwambia. Akaweka kikombe chini, akaniuliza kama zilikuwa bado na mikunjo kabla ya maji. Nikasema ndiyo, zimejaa mikunjo.

"Basi ungeifuata mikunjo tu, Anselmo. Kila mkunjo ni pale alipoupitisha. Zingerudi zenyewe mahali pake, hata kipofu angesuka."

Hakuna kitu zaidi cha kuandika leo. Kazi yote ya mwisho ya mkono wake ilikuwa bado mle, imeandikwa kwenye ngozi, na mimi nimeiosha kwa maji ya bomba.

Jumatano, 12 Juni

Anautafuta. Mkono wa kushoto unapapasa blanketi, unashuka ubavuni, unarudi. Nilda amempa taulo lililosokotwa, akalitupa. Amempa rozari ya mama, akaishika kidogo kwa heshima, kisha akaiweka pembeni.

Nilda ameniuliza mafuta gani yanayopakwa siku nne. Nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu: "Alikuwa na kitu kimoja." Akarudi jikoni.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeupata! Wenceslao alileta kamba za viatu nane, tukakaa nyuma ya bucha kama watoto wawili, tukiitazama shubiri iliyobaki kwa miwani yake. Ukanda wa pembeni kabisa unazunguka nyuma, unachomoza katikati ya zile nne za upande wa pili, unarudi upande wake. Kisha wa upande mwingine. Ni hivyo tu. Miaka arobaini na mitatu ya kununa, na ni hivyo tu.

Jioni nimesuka zile shubiri nne. Kanda mbichi, zinachuruzika, nimevuta mpaka viganja vikachubuka. Umekaza kama waya wa gitaa. Nimeutundika ukauke. Jumapili ni sikukuu ya akina baba, nitamrudishia. Labda hatajua.

Jumapili, 16 Juni

Foleni mpaka barabarani, kila mtu anataka mbavu za kuchoma. Nimefunga saa saba.

Mjeledi umekauka. Umelegea. Ngozi iliyojaa maji husinyaa ikikauka, sasa kila pindo lina nafasi, njiti ya kiberiti inapita. Nikampelekea hivyohivyo. Sikuwa na kingine.

Aliuchukua kwa haraka ya mtu mwenye njaa. Kidole gumba kikaanzia kwenye ncha ya msuko. Kikasimama. Kikarudi. Kikaingia kwenye nafasi moja, kikatoka, kikaingia nyingine. Nilijua kinachofuata kabla hajaanza.

Akaanza kuufungua. Mkono mmoja, akisaidiwa na meno. Alinitazama mara moja, kwa jicho la upande mzima, nikaona kwamba anajua ni kazi ya nani. Nikataka kuinuka. Miguu yangu ilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikabaki.

Shubiri moja, mbili, tatu, nne. Kisha kidole kikafika kwenye iliyobana. Kikasimama pale muda mrefu. Akapapasa mpaka kwenye mpini, akarudi. Alikuwa ameijua kazi yake, na alikuwa ameujua mpini.

"Ni mimi niliyefungua, baba," nikasema. "Nilitaka kuona ulivyofanya."

Akafumba ngumi juu ya ile shubiri moja. Amelala nayo.

Jumatatu, 17 Juni

Sikukuu, bucha imefungwa. Asubuhi baba akanionyesha kwa kidevu gunia linalotundikwa karibu na tangi. Sikuelewa. Akagonga kiti kwa mpini. Nikalileta, nikalilowesha, nikalikamua, nikazifunga kanda ndani yake. Unyevu tu, si maji. Miaka yote nililiona gunia lile likining'inia, nikadhani ni la kufutia miguu.

Mchana nimekaa mbele yake kwenye kigoda. Msuko hufungwa kwenye msumari wa nguzo, kila mtu hapa anafanya hivyo. Baba hakutaka msumari. Mpini ameubana kwapani, ile shubiri yake ameishika ngumini, na mimi nasuka kuanzia kwenye ngumi. Nikikosea anavuta, kanda zinanichomoka, nafungua mwenyewe, naanza upya. Mara sita. Mara ya sita nilifika nusu shubiri, ikakaza. Halafu akavuta tena.

Nimeingia ndani ninywe yerba. Kabla ya kuinuka nilitaka kuupokea mjeledi, apumzishe mkono. Hakuachia. Nilda amejaribu kwa kijiko cha supu, akafungua kinywa, ngumi hakufungua. Vidole vimekuwa vyeupe.

Sijui ameshika ili nisuke, au ameshika ili nisimfungulie na hiyo. Kanda zinakauka. Narudi nje.