Waya wa Dishi Umempandia Babu

Neema mjukuu wangu, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Sombetini tu wazima, ila magoti ya babu yako bado yanakataa ngazi.

Umeuliza nilijuaje kwamba waya wa zamani wa dishi la televisheni ungefikisha intaneti chumbani kwake ghorofani. Nilipokuwa msichana kijijini Akheri, mfereji wetu ulibomoka, wanaume wakashika majembe wachimbe mwingine. Mama akawaomba kwanza wafukue ule wa zamani zaidi, ulioachwa ukafunikwa na majani. Jioni maji yalikuwa migombani.

Basi fundi wa intaneti alipotoa drili atoboe zege apitishe waya mpya, nilimwonyesha waya uliolala ukutani, kutoka sebuleni hadi chumbani kwa babu, tangu dishi lilipokufa. Akafunga kifaa kidogo cha kupitishia intaneti kwenye kila ncha yake, na intaneti ikapanda.

Jumapili piga video. Babu ameshaomba koti lake la kanisani, alivae humo humo kitandani.

Bibi yako