Ujumbe wa Mama Juu ya Nota

Alhamisi, baada ya mazoezi

Na kumbe ujumbe ulikuwa unaonekana muda wote.

Simu za waimbaji wangu wengi zinagoma kufungua faili la kitabu cha nota. Juzi nikalifungua kwangu, nikapiga picha za skrini ukurasa kwa ukurasa, nikazituma kwenye grupu la kwaya. Picha inafunguka hata kwenye simu iliyopasuka kioo. Sikuzikagua. Nilikuwa nasinzia, nota zinaelea mbele yangu kama ukungu wa asubuhi kule Mollo.

Leo tulipofika ubeti wa tatu, sauti ya pili wakanyamaza. Mama Sabina akasogeza simu karibu na macho, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, na hii 'Umekula, mwanangu?' tunaiimba?"

Ujumbe wa mama, kutoka Namanyere. Uliingia wakati ule ule napiga picha, ukaganda juu ya mstari wa kwanza wa ukurasa wenye ubeti huo.

Wakacheka, halafu wakauimba kweli, polepole, kwa sauti zote nne. Nilitaka kukasirika. Lakini besi waliposhuka kwenye "mwanangu" nilimwona mama kabisa, amekaa jikoni, anapuliza moto, sufuria ndogo ya mtu mmoja. Tangu baba atutoke anakula peke yake. Sijui hata kama anakula. Naogopa kumuuliza, maana akisema hapana...

Kwaya nzima imeliimba swali lake. Aliyeulizwa ni mimi, na tangu juzi sijamjibu.