Nilivyosahau Kuharibu Kiswahili Mtoni Mubuku

Kampala, Jumatatu alfajiri

Dada yangu Yustina,

Shikamoo. Isome kwa sauti, dada, nami nijione nimeitamka, maana huku neno hilo sijalitia mdomoni tangu wanajeshi waanze kuwasaka Watanzania nyumba kwa nyumba. Hujambo lakini? Mguu wa mama umepungua uvimbe? Mpunga wa bondeni mmeuvuna, au maji yamewahi? Na shemeji mwambie namuulizia kikohozi chake. Kama bado anavuta ile tumbaku, basi simuulizii tena. Mimi ni mzima. Naandika hivyo kwa asubuhi ya leo tu, kwa sababu habari niliyo nayo si nzuri, na nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa watu.

Dada, huku hakuna Severini wa Ifakara. Kuna Fidel, Mkongo wa Bukavu, fundi wa pancha hapa Wandegeya. Mtanzania akijulikana anaitwa jasusi, na akishaitwa jasusi hutiwa kwenye buti ya gari, basi, hasikiki tena. Kwa hiyo nilijificha, na maficho yangu ni huu mdomo. Mama mmoja Mkongo anayeuza vitenge sokoni Kalerwe alinifundisha kusema "minatoka Bukavu" na "bintu yangu". Mengine nimeokota kwa wateja. Nasema "mpila", nasema "balabala", nasema "gari yako nakwisha pona". Najua umeshakunja uso. Wewe mwalimu mzima, uliyenichapa nilipoandika "viti zimevunjika", leo mdogo wako anaishi kwa kuandika makosa yale yale hewani, makusudi.

Sasa sikiliza balaa. Wiki iliyopita alikuja Luteni mmoja na boti ya mpira imekunjwa kwenye Landrova. Alikuwa ameona picha ya wazungu wakiteremka mto wa milimani, maji meupe yanaruka mpaka vichwani, nao wanacheka. Akaahidi wakubwa wake kwamba yeye na askari wake watateremka Mubuku, ule mto unaotoka Ruwenzori, mbele ya mgeni mkubwa atakayekuja Kasese. Boti yenyewe ilikuwa imelala stoo, panya wameitoboa. Nikaipiga viraka, nikaitia upepo, nikaimwagia maji ya sabuni, haitoi hata povu. Nikajipongeza mwenyewe, mjinga mimi.

"Mkongo, mpira nakaa mzuri?" akaniuliza.

"Nakaa muzuri sana, afande."

"Basi wewe naingia ndani. Ikipasuka, unakufa pamoja na kazi yako."

Watu wa pale kijiweni wakacheka. Nami nikacheka, ungefanyaje?

Tulikwenda na lori la jeshi siku nzima, mimi nimekaa juu ya boti yangu. Asubuhi tukapanda juu pale mto unapobanwa na mawe. Dada, maji yale ni ya barafu, meupe, na kelele yake huwezi kusikia mtu wa karibu asipopiga ukelele. Mimi mto ninaoujua ni wetu, Kilombero, mpana, umetulia, marehemu baba akisukuma mtumbwi wa mpunga kwa upondo huku anaimba. Kule juu tu ya mto wetu, kwenye mawe, ndiko alikokuwa akitufundisha: usishindane na jiwe, likaribie kwa ubavu, maji yenyewe yatakuvusha. Hayo ndiyo yote niliyokuwa nayo kichwani. Askari watano, Luteni mbele na miwani yake ya jua, Sajenti mmoja mtu mzima wa Arua nyuma karibu nami. Hakuna aliyejua kuogelea. Niliwauliza, kila mmoja akamtazama mwenzake.

Mwanzo ulikuwa mtamu, sitakuficha. Boti ikateleza, ikaruka, tumbo likabaki juu na sisi tuko chini. Askari wakapiga vigelegele kama watoto wa shule. Chini kwenye daraja tuliona magari yamepangwa na watu wamesimama na miavuli, mgeni mkubwa yumo humo. Luteni akavua kofia awapungie.

Hapo ndipo tulipoliona jiwe. Mto uligawanyika, na katikati jiwe jeusi, kubwa kama nyumba ya baba paroko, maji yanalipiga na kurudi. Luteni akaanza kupiga makelele, "Mbele! Mbele!", maana jeshini ndilo jibu la kila kitu. Wakapiga makasia, tukawa tunalikimbilia lile jiwe wenyewe kwa nguvu zetu. Sajenti akanyoosha mguu nje eti alisukume.

Dada, nilisimama. Sijui nani aliniambia nisimame. Nikafungua mdomo, akatoka Severini.

"Acheni! Makasia yenu yainueni! Sajenti, uingize mguu wako, utakatika! Uacheni ubavu uliguse, msishindane nalo! Wa kushoto, ulalieni upande huo! Haya, lishikeni maji sasa, lishikeni jamani... yashikeni!"

Umeona? Hata kosa nilijisahihisha. Katikati ya kifo, dada, nikajisahihisha, nikiogopa fimbo yako.

Wakafanya. Askari anayemeza maji anamtii yeyote mwenye sauti. Boti ikaligusa jiwe kwa ubavu, ikazunguka, ikasimama wima kidogo hivi, nikasema mama yangu wee, kisha ikadondoka upande wa pili na kutupeleka kinyumenyume mpaka chini ya daraja. Watu na miavuli yao wakapiga makofi. Luteni miwani imekwenda, uso umelowa maji, lakini anacheka, anapewa mkono na mgeni, anasema ule wa kinyumenyume ndio mtindo wa kijeshi. Mtu wa kusifiwa hana masikio ya kusikia lahaja.

Sajenti alikuwa nayo. Alikaa kwenye jiwe, anakamua soksi, ananiangalia tu. Akakamua ya kwanza, akakamua ya pili. Mimi nikajitia kukagua viraka, kile kile mara tatu.

Siku nzima ya kurudi alikaa kule mbele na vijana wake, mimi nyuma juu ya boti. Kila kizuizi cha barabarani tuliposimamishwa nilijua ndipo, atashuka sasa, atanong'ona. Nilisali mpaka sala zikaniisha, nikaanza kurudia zile za shule ya msingi. Jana jioni wenzake waliposhuka kambini Makindye, yeye akamwambia dereva amlete Mkongo kwake Wandegeya. Tukashuka wawili.

"Fidel," akasema. "Mimi nafanya jeshi tangu wakati ya Waingereza. Nalala kambi moja na watu ya Tabora, watu ya Iringa. Ile Kiswahili ulipiga ndani ya maji, mimi naijua."

Ningejibu kwa Kiswahili kipi? Kibovu angenicheka, kizuri angenifunga.

"Unasema mzuri," akasema. "Mzuri mpaka mbaya. Hata wale vijana wanasikia. Wanauliza mimi ndani ya lori, huyu Mkongo gani?" Akautazama mguu wake, ule ule niliouokoa, jiwe limeukwaruza tu, akaupiga piga. "Kesho baada ya paredi, mimi naripoti. Nisiporipoti mimi, wataripoti wao, halafu mimi ndio nakufa. Mimi iko na watoto saba. Unasikia? Baada ya paredi. Kabla ya paredi mimi sijui kitu."

Akaondoka anachechemea. Nilisimama pale nikilia, sioni haya kukwambia.

Sasa hivi kunapambazuka na niko Kalerwe, nyuma ya marobota ya vitenge vya yule mama. Yeye anakwenda Kenya leo na atatia barua hii posta huko. Alitaka tufuatane, nikakataa, maana tukikamatwa wawili mimi nitakuwa nimemuua. Njia yangu sikuandikii. Ukipata barua hii na mimi sijafika, ngoja mpaka mvua za vuli ziishe ndipo umwambie mama. Zikiisha mwambie kweli, usimdanganye niko safarini.

Msalimie mama, umshike mkono kwa niaba yangu. Shemeji, na wanao wote wawili, na mjomba fundi wa mitumbwi, mwambie nimelipita jiwe kwa ubavu, atafurahi. Na baba paroko, mwombe amsomee misa mtu mmoja, Sajenti wa Arua. Jina msilitaje, hata mimi sikuliandika. Mimi nikifika nimepona. Yeye leo ataulizwa kwa nini jana hakunishika, na hana pa kukimbilia.

Mdogo wako,
Severini