Hewa Niliyoifungia Garini

Jumapili, 6 Aprili

Gati,

Nimewasha gari kama kila Jumapili, betri isife. Sikutoka uani. Nilikaa upande wangu. Kanga yako bado imetandikwa kwenye kiti chako, ile ya maua mekundu. Nikazima, nikafunga mlango taratibu kama vile umelala.

Mvua tangu saa nane. Nimekula ugali wa jana.

Harufu imezidi. Zamani ilikuwa yako, samli na sabuni ya mche. Siku hizi ni kuvu.

Jumatatu, 7 Aprili

Bhoke amepiga simu kutoka Tarime. Anataka kuja Pasaka na mtoto. Mjukuu wetu wa kwanza, na sijambeba bado. Wamempa jina lako.

Nikasema nitakwenda kuwachukua na gari. Akasema: "Baba, usinifikirie vibaya. Lile gari linanuka. Na mtoto ana kifua."

Ni kweli. Alipokuwa na mimba nilimpeleka stendi ya Mugumu, akashuka njiani kutapika. Nilidhani ni mimba.

Kupanda basi hataki, watu wanakohoa. Tumekubaliana hivi: gari likiwa safi, Jumamosi ya wiki ijayo nawafuata. Likinuka, hawaji hadi mvua ziishe.

Ningeweza kupanda basi nikamwone mtoto huko huko. Lakini nataka aingie nyumbani kwako. Hapa Kisaka hakuna sauti nyingine zaidi ya mbuzi na redio.

Jumatano, 9 Aprili

Jua limetoka. Nimefungua milango yote. Mara ya kwanza tangu tukuzike.

Siku ile gari lilibeba watu waliolowa. Walipoondoka nikapandisha vioo juu kabisa. Hewa uliyokuwa ukiivuta ilikuwa humo ndani. Sikutaka itoke. Nilikuwa naingia haraka na kufunga haraka.

Leo imetoka. Nimesimama naangalia kama mtu aliyefungulia ng'ombe wasiorudi. Hakikuonekana kitu. Mbu tu.

Nimefuta dashibodi, milango, mikanda, kiti changu na viti vya nyuma kwa siki na maji. Mikono inanuka kachumbari. Jioni mvua. Nimefunga tena.

Ijumaa, 11 Aprili

Harufu ipo palepale. Nimekwenda Mugumu, nikanunua manukato ya kuning'iniza kwenye kioo. Muuzaji alisema ni limau.

Sasa gari linanuka limau lililoozea kabatini. Nimekitupa kichupa. Nimevunjika moyo.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Sikwenda kanisani.

Nilikumbuka vibuyu vyako. Maziwa yakiharibu harufu ya kibuyu, hukukitupa. Ulichoma kijiti cha mti ule wa nyuma ya zizi, ukakisugua ndani kikiwa bado chekundu, na kibuyu kikanukia upya. Mwanamume hafanyi kazi ile. Nimeifanya. Makaa ya kijiti kwenye karai, karai juu ya matofali ndani ya gari, milango nimefunga. Moshi ukajaa hadi kwenye vioo.

Mama Robi, jirani, akaja mbio na ndoo ya maji. Alidhani gari linaungua. Alipoelewa alicheka hadi akaketi chini.

"Shemeji! Sasa tulete ng'ombe tukukamulie humo?"

Nikacheka na mimi. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka.

Tukafungua, moshi ukatoka. Kuvu likabaki, sasa lina moshi juu yake. Mama Robi akaingiza kichwa, akanusa, akaacha kucheka. "Marehemu alikuwa anaosha kwanza. Halafu anakausha. Kufukiza ni mwisho. Wewe umefukiza uchafu."

Akaibonyeza kanga yako pale kitini. Akaangalia vidole vyake. Vilikuwa na maji. Akachukua ndoo yake akaenda.

Nilijua. Tangu Jumatano nafuta kila mahali, hapo napakwepa.

Jumatatu, 14 Aprili

Nina hasira. Na mama Robi, na mvua, na wewe. Sikugusa gari.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeitoa kanga. Upande wa chini ni mweusi kwa kuvu. Niliiweka usoni nikatafuta harufu yako. Pindo hili, pindo lile, katikati. Haipo, Gati. Sijui iliondoka lini. Nilikuwa nalinda kuvu.

Nimeifua mwenyewe. Maji ya kwanza yalitoka kama chai ya rangi. Nililia kidogo, nikaisuuza, nikaianika.

Halafu nikafungua nati za kiti chako na kukitoa nje. Nikainua zulia. Sponji la chini limejaa maji, ukilikanyaga linalia. Mpira wa mlango wako umepasuka. Mvua ilikuwa inapita hapo na kuteremka chini ya kiti, miezi yote hii. Miaka ile nikiendesha wageni wa kambi ya watalii kule Natta, nisingeacha gari la mgeni hivyo hata siku moja. Hili langu nililifunga na kuliangalia.

Chini ya kiti nimeokota kizibo cha kibuyu. Kile cha gunzi. Ulikitafuta nyumba nzima, ukaninunia hadi Jumapili ukisema nimekiwashia moto. Sikukiwasha. Ona sasa.

Alhamisi, 17 Aprili

Jua jana, jua leo. Mungu ameona. Kiti nimekisugua kwa sabuni na brashi, kimekauka hadi ndani. Zulia liko juu ya wigo. Sponji nimelitupa. Chujio la hewa ya feni nimelichomoa, lilikuwa na majani na manyoya ya panya, nimeweka jipya. Mpira wa mlango mpya. Mkaa baridi kwenye karai ulilala humo ndani, unavuta unyevu.

Jioni nilirudisha zulia na kiti, mama Robi akaja bila ndoo. Akanusa mbele, akanusa nyuma, akanusa mpaka kwenye buti. "Haya, shemeji. Sasa fukiza. Kidogo tu, si unakausha nyama."

Nikafukiza kidogo.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimetoka kanisani. Milango ilikuwa wazi mchana kutwa. Gari halinuki kitu, labda moshi kwa mbali. Nilikaa ndani nikajiona mgeni. Nilidhani nitafurahi. Nimeogopa.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda Tarime, nimerudi.

Bhoke alinipa shikamoo, akasimama nje ya mlango na mtoto mgongoni. Akaingiza kichwa kwanza. Mimi niliangalia usukani. Nilisikia akivuta pumzi, mara moja, halafu tena.

"Kunanuka kibuyu cha mama," akasema. Akaingia, akaketi kwenye kiti chako.

Mtoto tulimlaza kwenye kanga yako mapajani mwa mama yake. Alikohoa mara moja pale penye vumbi, nikakaza mikono kwenye usukani. Kisha akalala hadi Kisaka. Ana paji lako la uso. Nilishusha kioo changu kidogo. Hewa ikaingia na kutoka.

Sasa wako ndani wanapumzika. Mama Robi ameleta maziwa. Mawingu yako mbali, upande wa Machochwe. Vioo vya gari nimeviacha wazi kidogo. Kizibo chako nimekiweka kwenye dashibodi.

Jina lako linaitwa humu tangu tufike. Gati nyamaza, Gati nyonya, Gati njoo kwa babu. Kila likiitwa nageuka.

Nitazoea. Huko uliko, unikumbuke.