Sanduku la Koili Linalala Kitandani Kwetu

Mpendwa Bi Thuwaiba,

Shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa huku Kirongwe, Mafia, naomba msaada wako kabla masika hayajaanza, na unisamehe mwandiko maana naandika mtoto yuko mgongoni na wali uko jikoni, na shule yangu ilikuwa ndogo, lakini wewe soma tu utanielewa.

Mume wangu ana pikapu ya zamani aliyoachiwa na marehemu baba yake, ndiyo inayobeba mbata, nazi kavu za watu, kutoka huku kwetu kwenda Kilindoni, na ikirudi inaleta sukari, mafuta ya taa, wagonjwa waliopona na gazeti lako hili. Gari lenyewe lina nguvu, ubaya wake ni moto wa kuwashia injini. Moto wake unatoka kwenye koili nne, kila moja imefungwa ndani ya kijisanduku cha mbao, na zote zinapangwa kwenye sanduku moja mbele ya dereva. Mume wangu akizungusha hendeli ya kuliwasha utazisikia zinalia kama nyuki, zikilia zote nne tunakwenda, zikilia tatu gari linakohoa, zikinyamaza abiria wanashuka kusukuma. Na ugonjwa wao mkubwa ni unyevu, na wewe unajua kisiwani kwetu hata chumvi hailali kavu, basi kila jioni mume wangu huzichomoa zote nne, akazifuta, akazivika kanga, akazilaza kitandani. Kitandani kwetu, Bi Thuwaiba! Mimi na mwanangu Mize tumebanwa ukutani, koili zimelala katikati kama bibi harusi. Nikimwambia, "Baba Mize, mtoto hana pa kugeukia," ananijibu, "Mtoto haingii kutu."

Hilo nililizoea. Lililonikondesha ni jingine. Baada ya kumzaa Mize sikuwa na nguvu hata ya kufukiza nguo zangu, udi wangu ukakaa kwenye kopo lake bila kuguswa, siku moja jirani yetu Bi Mwanamkuu akaja kunitazama, akakaa, akanywa kahawa, halafu akaniambia:

"Mwanangu, mumeo ananukia vizuri siku hizi."

"Alhamdulillahi," nikamjibu.

"Ananukia udi. Na wewe, usinichukie, unanukia maziwa."

"Ndiyo nanyonyesha, bibi."

"Basi hiyo nyumba anakofukizwa iko Kilindoni au iko Baleni?"

Nilicheka mdomoni tu. Alipoondoka nikafungua kopo langu, nikaona udi umepungua, nikakaa juu ya kasha nikalia, maana niliona huyu mwanamume si kwamba kaoa tu, bali na huyo mwenzangu anafukiziwa udi wangu mimi niliopewa na mama yangu! Nikawa namnusa akiingia na namnusa akitoka. Mpaka siku niliyorudi mapema kutoka kisimani, nikasikia harufu inatoka chumba cha nyuma, nikasukuma mlango kwa ndoo, nikamkuta kachuchumaa peke yake, chetezo changu kinafuka, juu ya chetezo kitunga changu cha kufukizia nguo, na juu ya kitunga koili nne zimefunikwa kanga yangu ya harusi.

"Baba Mize, nini hicho?"

"Funga mlango, unyevu unaingia."

"Na udi wa nini? Makaa matupu hayakaushi?"

Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini watu wananawa kabla ya kula. Akasema marehemu baba yake ndivyo alivyofanya siku zote, makaa kidogo yasiyeyushe lami iliyomo ndani, na kipande cha udi juu yake, na gari lilikuwa likipita Baleni watu wanajua nani kapita hata kama hawakutoka nje. Nilicheka mpaka nikakaa chini, nikamwambia afadhali ungeoa, mwenzangu angenisaidia kutwanga.

Lakini kicheko changu kina mwisho wake, ndiyo maana nakuandikia. Siku ya kumzaa Mize ilikuwa masika, mvua tangu alfajiri, uchungu ukanishika, koili zote nne zikanyamaza. Mume wangu alizungusha hendeli mpaka ikampiga kifundo cha mkono kikavimba, watu wakasukuma mpaka kwenye matope, mwisho wakanibeba kitandani, wanaume kwa zamu, na Bi Mwanamkuu mbele anawatukana waende upesi. Mize alizaliwa Baleni, katikati ya njia, nyumbani kwa watu tusiowajua, Mungu awalipe kheri. Damu ilinitoka nyingi. Gari likatukuta hapo baadaye, koili zimeshakauka, linapiga honi kwa furaha, likanipeleka hospitali Kilindoni, na mkunga akaniambia kwa ukali, "Wa pili usimzalie njiani. Wa pili umzalie hapa, mbele ya macho yangu." Sasa wa pili yumo tumboni, na nikihesabu, masika yatamkuta.

Kaka yangu Mbaraka ni fundi wa magari Dar es Salaam. Nilimpelekea salamu kwa mdomo nikamweleza yote, hata habari ya udi, basi akatuletea zawadi: koili moja tu, ya kisasa, iliyofungwa ndani ya kopo la chuma, na distributa ya kugawa moto kwenye plagi zote, waya mpya na betri. Ingeishia hapo ningekuwa nimelala usingizi. Lakini nahodha aliyeleta mzigo akafikisha na salamu za kaka pale pwani Kilindoni, mbele ya wachukuzi na wenye mbata: "Shemeji yako anasema gari si maiti, liache kufukizwa udi." Watu wakaangua kicheko. Mume wangu hakucheka. Alipofika nyumbani akaniambia neno moja, "Mrudishie ndugu yako vyuma vyake," na yeye si mtu wa kukasirika, hata hendeli ilipompiga aliiambia pole.

Sikuvirudisha. Nimevificha chini ya kitanda kile kile, kwa hiyo juu unalala moto wa zamani na chini unalala moto mpya, na mimi niko katikati na tumbo langu. Sasa baada ya Maulidi mume wangu atavuka kwenda Dar es Salaam na mbata, gari atalilaza Kilindoni kwa fundi Kombo, na huyo Kombo nimeshasema naye, amekubali kuufunga moto mpya wakati mwenyewe hayupo. Au pengine, Mungu anisamehe, niziache zile koili nje zipate umande mpaka zife kabisa, ili asiwe na njia nyingine. Mume wangu nampenda, hajapata kuninyima kitu wala kuninyanyulia sauti, sitaki kumdhalilisha, lakini sitaki kubebwa tena kitandani kwenye mvua. Nifanye lipi? Na jina langu lifiche tafadhali, huku kila mtu anamjua kila mtu.

Ni mimi,
Mke Mwenza wa Sanduku, Kirongwe

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Jina lako nimelificha kama ulivyotaka, ingawa sijui kama nimekusaidia. Ni wanaume wangapi hapo Mafia wanaofukiza gari udi?

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kucheka. Mara ya pili niliishia Baleni, kwenye nyumba ya watu msiowajua, nikavua miwani. Kwa hiyo nitasema nawe wazi, na baadhi ya maneno yatakuuma.

Umande, usithubutu. Hebu fikiri kidogo. Umeziua koili, moto mpya bado uko chini ya kitanda, na uchungu unakuja kabla ya siku zake. Utabebwa na nani, na umande? Unataka gari liwake upesi, halafu wewe mwenyewe ndiye unayelizima! Na fundi Kombo mwambie ahsante, hapana. Akiufunga moto kwa siri gari litawaka, sina shaka, lakini mumeo atarudi akute kila mtu Kilindoni anajua kilichomo ndani ya gari lake isipokuwa yeye. Mmeshamcheka pwani mara moja. Mara ya pili mtakuwa mmemcheka ninyi nyumba nzima.

Sasa nikugombeze. Habari ya udi nani aliipeleka Dar es Salaam? Si jirani yako, ni wewe. Chumbani mlicheka wawili, kikawa kicheko cha mke na mume. Ulipokipeleka kwa kaka yako kikarudi na nahodha, kimekuwa kitu kingine. Kaka yako alifanya utani wa shemeji, na utani wa shemeji hauna dhambi, lakini alilitaja neno maiti kwa mtu anayetia udi kwa sababu ya marehemu baba yake. Hukuliona hilo? Anachokipenda mumeo si mbao zile, mwanangu. Kila jioni akichuchumaa pale, harufu ile inamrudishia baba yake chumbani. Ndiyo maana hakukasirikia hendeli iliyomvimbisha mkono, akakasirikia salamu.

Basi fanya hivi. Kabla hajasafiri, msubiri ale ashibe, umtoe mtoto kifuani umpe ampakate, halafu umwambie unaogopa. Usimwambie gari lake bovu. Usimtaje kaka yako. Mwambie ulivyojiona siku ile ya Baleni, damu ile, na maneno ya mkunga. Nina hakika hujapata kumwambia yote, maana wanawake wengi wachovu huwaambia waume zao habari za sanduku na wakaacha kuwaambia habari za damu. Umwambie vilevile kwamba wewe ndiye uliyepeleka habari ya udi, na umtake radhi. Kisha uvitoe vile vyuma chini ya kitanda uviweke mbele yake, wala usivifungue.

Kaka yako naye nitamsemesha hapa hapa, maana mafundi wa Dar es Salaam wanalisoma gazeti hili wakati wa chai. Bwana Mbaraka, shemeji yako atakapofika na mbata, mpokee wewe pwani, mbele ya wachukuzi vilevile, umwombe radhi kwa sauti ile ile aliyoitumia nahodha. Halafu mchukue karakana umfundishe, kwenye gari jingine, kuufunga moto wa namna hiyo kwa mikono yake mwenyewe, kuanzia waya wa kwanza mpaka wa mwisho, na namna ya kuupanga ili hendeli isimpige tena. Gari la baba yake litengenezwe na yeye, si na wewe wala si na Kombo.

Nimemuuliza pia fundi mmoja wa hapa mjini, mtu mkweli, akanionya nisiwadanganye wasomaji. Koili ya kisasa haiogopi unyevu kama zile za mbao, lakini kifuniko cha distributa nacho hupata jasho kwenye mvua, lazima kipanguswe kwa kitambaa kikavu kila asubuhi, na betri isiachwe ikafa. Zile koili nne zisitupwe. Zifutwe, ziwekwe kavu ndani ya kasha la mbao, ziwe akiba, na Mize akikua aonyeshwe ni za babu yake. Lakini kitandani hapana! Hilo silijadili.

Na wewe mwanangu, hata gari likiwaka kama bunduki, usilitegemee. Mwezi wako ukikaribia, hamia Kilindoni. Tafuta jamaa, tafuta rafiki, muulize mkunga mwenyewe, atakuonyesha nyumba. Kaa pale ule ulale, na kutwanga watatwanga wengine. Mumeo akikataa gari kufungwa moto mpya, hilo ni lake na la baba yake. Akikataa wewe kwenda Kilindoni, hapo niandikie tena upesi, nami nitakuja na bakora yangu. Ila sidhani. Mwanamume anayelaza mbao kitandani zisipate baridi atashindwaje kukulaza wewe pakavu?

La mwisho ni lako wewe, bwana, kwa sababu najua gazeti hili limepanda gari lako kabla ya kumfikia mkeo, na kama si mtu wa ajabu umelifungua njiani. Usimgombeze. Mke anayeuliza kabla ya kutenda amekuheshimu. Baba yako, Mungu amrehemu, aliutunza ule moto ili watu wa Kirongwe wafike wanakokwenda, na safari hii anayesafiri ni mjukuu wake. Kunja gazeti, washa gari, nenda nyumbani ukaangalie kuna nini chini ya kitanda. Na udi uliobaki kwenye kopo usiuguse tena. Ni wa mkeo, atauhitaji siku ya arobaini ya mtoto.

Bi Thuwaiba