Mkanda wa Shaba

Alhamisi, 16 Januari

Somo la tatu. Kiuno changu bado hakisikii. Nadège anataka tumbo litembee peke yake na kiuno kitulie. Mimi nikigusa tumbo tu, kiuno kinaondoka nalo. Nimelelewa hivyo. Kwetu msichana akifundwa anafunzwa kuzungusha kiuno kizima, na mimi nimekizungusha kwenye harusi za watu miaka thelathini. Nimesifiwa. Sasa naambiwa nisahau.

"Mama Hortense, kiuno ibakie pale. Tumbo njo itembee."

Nadège ana miaka ishirini na sita. Anasuka nywele mjini, na dansi hii ya tumbo alifundishwa Lubumbashi na mteja wake Mlebanoni. Ananisahihisha kama ninavyosahihisha watoto wangu wa darasa la tatu. Sijali. Nina furaha ya kijinga. Nimerudi nyumbani, mtaa wa Panda, kwa miguu, mvua yote mgongoni, nikijizuia nisitikisike barabarani.

Mume wangu Gaston nimemwambia natoka kwenye kikundi cha sala.

Jumapili, 19 Januari

Nimewaza wakati wa misa, badala ya kusali. Kwa nini namdanganya mume wangu? Si mkali. Angekuwa mkali ningegombana naye yakaisha. Ni mkimya. Tangu astaafu kazi ya vyuma karakanani anakaa na redio yake, anaangalia kila kitu na hasemi. Ninachoogopa ni kicheko chake. Ana kicheko kimoja kifupi cha puani. Akikitoa mara moja tu juu ya mwanamke wa miaka hamsini na mbili, watoto watano, anayejifunza kuchezesha tumbo, basi, sitarudi tena kule. Najijua.

Na nataka kurudi. Hicho ndicho kitu changu cha kwanza baada ya muda mrefu sana.

Alhamisi, 6 Februari

Nyonga juu, nyonga chini: tayari. Mabega: tayari. Nadège amenipigia makofi mbele ya wasichana wote. Tumebaki na wimbi la tumbo. Linatakiwa kuanza chini ya matiti na kushuka mpaka kitovuni, polepole. Langu linaanza vizuri, halafu kiuno kinaingilia.

Nimefanya mazoezi jikoni, mikono kwenye meza, sombe ya majani ya muhogo inaungua motoni. Tumekula sombe iliyoungua. Gaston amemaliza sahani yake.

Alhamisi, 13 Februari

Habari kubwa. Tarehe nane Machi, sikukuu ya wanawake, tutacheza ukumbini mbele ya watu. Sisi sita. Nimesema ndiyo kabla Nadège hajamaliza sentensi.

Wenzangu wote wana mikanda ya vipande vidogo vya chuma vinavyolia nyonga ikigonga. Mimi nina kitenge nilichofunga fundo. Wao wanalia, mimi nipo kimya. Si neno.

Usingizi hamna. Tumbo langu linafanya mazoezi lenyewe.

Alhamisi, 27 Februari

Aibu. Aibu tupu.

Nimerudi kutoka dansini saa kumi na mbili. Mezani kuna machungwa kumi, kilo ya sukari na mshumaa uliowaka nusu. Gaston amekaa pembeni yake.

"Bamama ba sala balikuya kukuombea. Banasema wiki munane habakuonake. Banazani uko mugonjwa."

Nilipaswa kujua. Mtu akikosa muda mrefu kwenye kikundi chetu, hatumpigii simu, tunamfuata na sukari. Mimi mwenyewe nimewahi kuibeba hiyo sukari.

Nimemuuliza aliwajibu nini.

"Nilibaambia uko unalala."

Kwa hiyo Mama Véro na wenzake watatu walisimama nje ya mlango uliofungwa wa chumba changu, mshumaa mkononi, wakaombea kitanda kitupu. Wameimba nyimbo tatu. Na Gaston, ambaye hajawahi kudanganya hata bei ya nyanya, alisimama nao akaitikia amina.

Hakuniuliza nilikuwa wapi. Hilo ndilo baya kuliko yote.

Ijumaa, 28 Februari

Nimemwambia asubuhi, kabla ya shule. Yote. Nadège, tumbo, tarehe nane, mikanda inayolia, kitenge changu. Nimeongea haraka nikiangalia chai. Nimengoja kile kicheko.

Hakikuja. Alizima redio, akavaa koti lake la zamani la kazi, akatoka kwa mlango wa nyuma. Sijui hiyo ni nini. Ningependelea kicheko.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya tano anagonga vyuma kwenye kibanda cha nyuma. Anakula, anarudi, anagonga. Mlango ameufunga kwa ndani. Huyu ni mtu aliyekasirika na anamalizia hasira kwenye bati. Nimeamua: akiniambia nisiende, sitaenda. Nimeandika hivyo na sasa najichukia. Nitaenda. Sijui.

Ijumaa, 7 Machi

Sikuwa najua kitu.

Amekuja jikoni na kitambaa cheusi kilichokunjwa. Ndani, mkanda. Visahani arobaini vya shaba, kila kimoja amekikata, akakitoboa na kukisugua mpaka kikang'aa, vyote vimeshonwa kwenye ngozi kwa waya. Visahani vizuri kuliko vya wasichana wote. Nimelia juu ya mboga.

Nimeuvaa pale pale. Ni mzito kama mtoto wa miezi sita. Nimegonga nyonga. Tok. Nimegonga tena. Tok. Haukulia. Gaston aliinamisha sikio, akangoja, akarudi kibandani.

Nitauvaa. Hata ukinivunja mgongo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimecheza.

Ukumbi umejaa, vitenge vya sikukuu kila mahali. Gaston amesimama mlangoni na koti lake la kazi. Muziki umeanza, wenzangu wanalia chichichi, mimi tok, tok. Mwanamke wa mstari wa mbele amecheka. Nimekasirika, na hasira imenisaidia.

Halafu wimbi la tumbo. Nimevuta pumzi, nimeanza juu, nikangoja kiuno kiharibu kama kawaida. Kiuno hakikuondoka. Shaba ilikuwa imekishika. Uzito wote ule umekaa juu ya nyonga zangu ukazikataza, na tumbo likashuka peke yake, polepole, mpaka chini. Nimelirudia. Likashuka tena. Nadège amepiga kelele katikati ya muziki, mwalimu mzima. Wanawake wakapiga vigelegele na yule wa mbele akasimama.

Nimecheza. Naandika mara ya pili kwa sababu naweza.

Njiani kurudi Gaston alibeba mkanda begani. Tulipofika kwenye reli ndipo aliposema, akiigonga ile shaba kwa kidole.

"Mukuba haiimbake. Miaka yote ile kazini, miye nilipashwa kujua."

Nimemweleza habari ya kiuno. Alinifanya nieleze mara mbili, kama mtu anayeelezwa mashine. Halafu kikatoka, kile kicheko kifupi cha puani. Kumbe ndivyo anavyofurahi. Miaka ishirini na tisa ya ndoa na nilikuwa sijui.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempelekea Mama Véro sukari yake na ukweli. Sukari ameipokea. Ukweli bado. Amesema waliimba wamesimama, na magoti yake yanauma.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua imekatika mchana. Nimesahihisha daftari zote mapema. Gaston yuko kibandani, amepasua mabomba mawili ya zamani ya maji, ya shaba nyeupe inayolia, anakata visahani vipya. Kila kimoja anakigonga na msumari, anasikiliza, anakiweka upande huu au ule.

Nimefunga mkanda wa zamani kwenye begi. Nimesimama mlangoni mwa kibanda nikasema naenda kucheza.

Ameitikia kwa kichwa. Amenisogezea mwavuli.